Ufunguo Kabla ya Kufuli

Saa saba na nusu mchana, na foleni imeshazunguka kona. Huku juu, kwenye chumba cha mashine za sinema, mwanamke wa miaka hamsini na tatu amevaa glavu nyeupe za pamba na amesimama mbele ya makopo mawili ya bati. Moja limepigwa namba tatu kwa rangi nyekundu. La pili lina namba nne. Anayatazama, anayaacha, anakwenda kufuta lenzi ambayo ameshaifuta mara mbili, kisha anarudi kuyatazama tena.

“Moyo unanienda mbio mpaka nausikia masikioni,” anamwambia mwandishi wa makala haya, na papo hapo anacheka. “Mtu mzima mimi! Miaka ishirini na tisa ya kazi, leo natetemeka kama anayefanya mtihani.”

Mtaa mzima unamwita Fundi. Wengine hawajui kama ana jina jingine.

Kazi yake ni kuonyesha filamu za mikanda, zile za zamani zinazozunguka kwenye mashine na kunguruma. Filamu moja hugawanywa mikanda sita, kila mkanda dakika kumi na nane, na kila mkanda hulala kwenye kopo lake. Mashine ziko mbili. Moja ikikaribia kumaliza mkanda, kitone kidogo hutokea kwenye kona ya juu ya skrini, nayo ya pili lazima iwashwe hapo hapo.

“Una sekunde saba,” anasema. “Ukipiga chafya, umeumbuka.”

Ngazi za kufika humu ni kumi na tisa, na goti lake la kulia linazijua zote. Mshahara haujaongezwa kwa miaka sita. Mkono wa kushoto una kovu la kuunguzwa na taa ya mashine, refu kama kidole. Siku ya kawaida viti mia mbili na ishirini huona watu arobaini tu, na feni ya chumbani ikizimika yeye hufungua mlango na kujipepea kwa kifuniko cha kopo.

Lakini leo si siku ya kawaida. Leo ni Jumamosi ya Kufuli, inayokuja mara moja kwa mwaka.

Kufuli ni filamu ya zamani isiyo na rangi, ya mapenzi na vichekesho, na mtaa huu unaipenda kupita kiasi. Inahusu nchi ambayo chama kimeamua watu wote wawe sawa kuanzia kichwani, kwa hiyo nywele za kila raia zisizidi upana wa vidole viwili. Komredi Mkaguzi, mwanamke asiyejua kucheka, anazunguka na kitabu cha mwongozo na futi ya fundi cherehani kupima vichwa vya watu. Anakutana na Kinyozi, mwanamume anayeamini kwamba kila kichwa kina bei yake na ambaye kila asubuhi huinamia droo ya pesa kama anayesali.

Hapo ndipo moto unapowaka. Mkaguzi analifunga duka kwa kufuli kubwa kama tofali. Kinyozi, bila duka, anabeba mkasi wake toka mteja hadi mteja, mwishowe anamnyoa Mkaguzi mwenyewe ofisini kwake, kwenye kiti cha chama. Mkaguzi anajiona kwenye kioo, anacheka kwa mara ya kwanza maishani, anaitupa kofia yake dirishani na kumpa Kinyozi ufunguo. Kisha harusi, na kitabu cha mwongozo kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza.

Ndivyo filamu ilivyotengenezwa. Sivyo mtaa huu unavyoijua.

“Siri ya mtungi aijuaye kata,” anasema Fundi, akifunga mlango vizuri. “Kata ni mimi.”

Miaka ishirini na tisa iliyopita alikuwa msaidizi wa mjomba wake, aliyekuwa na mashine hizi kabla yake. Filamu ya Kufuli ilifika asubuhi, mjomba akashikwa na homa ya kifua mchana, akamkabidhi mpwa wake ufunguo wa chumba. Ilikuwa siku yake ya kwanza peke yake. Makopo yalikuwa na kutu na vumbi la safari.

“Nikasema mjomba akipona akute kila kitu kinang'aa,” anasimulia. “Nikavua vifuniko vyote sita, nikavisugua mpaka unajiona ndani yake, nikavirudisha. Kumbe namba zilikuwa kwenye vifuniko tu. Chini ya kopo hakuna kitu. Usafi wangu ndio ulioniponza.”

Mkanda wa nne ukaonyeshwa wa tatu, na wa tatu ukaonyeshwa wa nne. Mkaguzi akacheka, akatupa kofia, akatoa ufunguo. Dakika moja baadaye akaingia dukani na kofia kichwani, uso umekunjwa, akalifunga duka la mpenzi wake kwa kufuli.

“Nikajiambia, bibi wee, umekwisha, kesho unarudi kuuza vitambaa dukani kwa baba.”

Watu chini walikuwa wamesimama juu ya viti, wanapiga makofi.

Hawakuona kosa hata kidogo. Kofia? Mtumishi wa serikali hakosi kofia ya akiba. Kinyozi ananyoa ofisini na duka analo? Mfanyabiashara mzuri humfuata mteja. Na ule ufunguo, hapo ndipo walipochachawa kabisa. Kama duka bado halijafungwa, basi ufunguo ule ulikuwa wa nyumba yake! Akina mama walipiga kelele mpaka dari likataka kushuka.

Walipotoka, ubishi ukazuka barazani. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni wakasema filamu ni yao: tazama mwanamke mwenye msimamo, anapenda na bado anafunga duka. Wenye maduka wakasema hapana, ni ya kwetu: tazama mwanamume wa kazi, kafungiwa duka na bado kaoa. Kila upande ukarudi kesho yake na jamaa zake ili kuuthibitishia upande wa pili. Foleni ikafika sokoni.

Fundi alimweleza mjomba tu. Mgonjwa aliinuka kitandani, akachungulia dirishani, akaiona foleni.

“Akaniambia, ‘Funga mdomo, fungua mlango.’ Basi. Na vifuniko havikubadilishwa tena, hata mjomba alipofariki.”

Mtaani, “ufunguo kwanza, kufuli baadaye” likawa neno la watu. Mke akimkatalia mume jambo baada ya kumpikia vizuri, jirani huguna na kusema hivyo. Kinyozi wa mtaa wa nyuma ametundika kufuli ukutani kama wengine wanavyotundika picha za watoto.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajaiona ya Fundi.

Sasa, kilichoharibu mambo ni nakala mpya. Ile ya zamani imechoka, mwaka jana ilikatika mara kumi na moja katika onyesho moja. Mwenye jumba akaandika barua, akaandika tena, na Jumatatu iliyopita ikaletwa nakala safi, inayong'aa. Namba zimepigwa kwenye vifuniko, kwenye makopo, hata mwanzoni mwa kila mkanda.

“Zamani nilikuwa na la kujitetea,” anasema, na kidole chake kinapita polepole juu ya namba nyekundu. “Nilikuwa nafuata kilichoandikwa. Leo nikiweka wa nne kabla ya wa tatu, itakuwa nimedanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Na mimi ni fundi.”

Anaogopa kufukuzwa? Anakunja mdomo. Mwenye jumba hana mwingine anayeweza mashine hizi.

“Naogopa uso wa mume wangu.”

Mume wake wanamwita Katibu, maana kwa miaka ishirini na mbili alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha sabuni. Ni mtu wa mali ya wote, kura ya wote, sufuria ikipakuliwa anauliza kama imegawanywa kwa haki. Fundi ni binti wa muuza vitambaa, na kwake mtu na jasho lake. Wanabishana tangu chai ya asubuhi. Binti yao, ambaye leo anakata tiketi mlangoni, anasema alipoanza shule alidhani wazazi wote huongea hivyo.

Katibu aliitazama Kufuli mara tano katika wiki ile ya kwanza. Mara ya tano alipanda ngazi kumi na tisa, akagonga mlango huu, jasho likimtoka.

“Alisema, ‘Dada, kila nikija hapa unanipinga kuhusu bei ya tiketi. Mwanamke wa filamu ile anampa mtu ufunguo na bado anasimama na anachokiamini. Mimi nilidhani mapenzi na msimamo havikai nyumba moja. Filamu hii imenifungua macho. Je, unaweza kunipenda na kuendelea kunipinga?’” Fundi anavua glavu moja, anajifuta macho, anaivaa tena. “Nikamwambia naweza yote mawili hata kesho. Lakini filamu haikusema hivyo! Filamu ilisema mwanamke alishindwa, akaacha kitabu chake kwa ajili ya mwanamume. Kilichomfungua macho ni vifuniko vyangu.”

Mbaya zaidi, kila mwaka kabla ya onyesho Katibu husimama mbele ya skrini na kutoa hotuba fupi juu ya Komredi Mkaguzi. Mtaa unaisubiri kama sehemu ya filamu. Ya mwaka huu ameiandika kurasa mbili.

Saa tisa kasoro dakika tano, jumba limejaa mpaka kwenye ngazi. Kupitia tundu la ukutani Fundi anamwona mumewe akisimama, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi.

“Ndugu watazamaji!” anasema Katibu. “Mwanamke huyu mtamwona akipenda. Kisha mtamwona akitimiza wajibu. Kwanza ufunguo!”

“Kufuli baadaye!” jumba linaitika kwa sauti moja.

Fundi anafumba macho. “Ee Mungu wangu,” ananong'ona, halafu anazima taa za ukumbini.

Mkanda wa kwanza unakwenda vizuri. Wa pili pia. Watu wanacheka kabla ya vichekesho kufika, wanamsemea Kinyozi maneno yake. Kitone kinatokea kwenye kona. Mkono wa Fundi uko kwenye mashine nyingine, na kopo lililo wazi kando yake ni lile la namba tatu.

Sekunde saba. Anawasha.

Kwenye skrini Mkaguzi anasukuma mlango wa duka, kofia kichwani, kufuli mkononi.

Kisha sauti ya kwanza, ya kinyozi wa mtaa wa nyuma, inapaa kutoka katikati: “Fundi! Umekosea mkanda!”

“Umekosea mkanda!” wanapokea wengine. “Rudisha! Ufunguo uko wapi? Mbona kofia hajaitupa?” Miluzi inalia, viatu vinapigwa sakafuni. Miaka ishirini na tisa amekosea na wakampigia makofi. Leo, siku ya kwanza anapatia, watu mia mbili na zaidi wanamzomea.

Fundi anasimamisha mashine. Mwandishi anadhani atazirai, lakini anavua glavu, anaziweka moja juu ya nyingine mezani, anawasha taa za ukumbini na kushuka. Goti linalalamika ngazi baada ya ngazi. Anapita katikati ya viti bila kumtazama mtu na kusimama pale pale aliposimama mumewe.

“Sikukosea leo,” anasema. “Nilikosea siku ile ya kwanza.”

Anawaeleza yote, homa ya mjomba, kutu, vifuniko sita, kopo lisilo na namba. Haruki kitu. Mtu mmoja anaanza kucheka, jirani yake anampiga kiwiko, kwa sababu sasa watu wote wanamtazama Katibu.

Katibu ameketi safu ya pili. Anaitazama hotuba yake, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili. Anaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Anajikaza kisabuni, kama mtu wa kiwanda chake, lakini macho yamemjaa maji.

“Hoja ya utaratibu,” anasema, na kusimama.

“Sema,” anajibu mkewe.

“Siku nilipogonga mlango wako kule juu. Ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Hukusema.”

“Ningesema ungeshuka zile ngazi na usirudi. Niliogopa. Mpaka leo naogopa, unavyoniona.”

Hata binti yao ameacha dirisha la tiketi na kuja kusimama mlangoni, kitabu cha tiketi kifuani.

“Tumeishi nyumba moja miaka ishirini na saba,” anasema Katibu polepole. “Tumezika wazazi wanne, tumelea mtoto. Katika chaguzi zote, kura yangu na yako hazijawahi kwenda upande mmoja. Asubuhi ya leo umeniambia hotuba yangu ni ndefu na ina makosa mawili, kisha ukanipigia pasi shati la kwenda kuisomea.” Anagusa kola ya shati. “Hilo nalo lilikuwa kosa la vifuniko?”

Fundi anatikisa kichwa.

“Basi waliotengeneza filamu ndio waliokosea,” anasema Katibu. “Sisi tumepatia.”

Jumba linalipuka. Watu wanapanda juu ya viti kama siku ile ya kwanza, kinyozi wa mtaa wa nyuma anamkumbatia mwenye duka la viatu ambaye hawajasalimiana naye tangu uchaguzi. Fundi anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mikono usoni. Katibu, akiona ukumbi uko upande wake, anainua mkono kutuliza watu.

“Kwa hiyo natoa hoja! Mkanda huu uondolewe, tuonyeshwe filamu yetu tunayoijua. Wanaokubali wanyooshe mikono!”

Mikono inanyooka kama msitu. Karibu wote.

“Shusheni mikono,” anasema Fundi, akijifuta machozi kwa upindo wa gauni. “Hapa si mkutano, hapa ni sinema. Mtaiona ilivyo mpaka mwisho, kisha ndiyo mseme. Na wewe Katibu, kaa.”

Anapanda ngazi zake. Nyuma yake vicheko vinamsindikiza, na kicheko cha Katibu, wanasema waliokaa karibu naye, ndicho kilichodumu zaidi.

Mkanda wa tatu unaendelea, halafu wa nne. Mkaguzi ananyolewa, anacheka, anatupa kofia, anaingiza mkono mfukoni na kutoa ufunguo. Safari hii kufuli watu wameshaliona.

“Kumbe ni ufunguo wa duka!” anapaza sauti bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye hajakosa onyesho hata mwaka mmoja. “Miaka yote hii nimemsengenya mtoto wa watu bure!”

Huko juu Fundi anacheka mpaka anashikilia mashine. “Umesikia? Umesikia?” anamuuliza mwandishi. “Nimebeba mzigo huu nikidhani ni wangu peke yangu. Kumbe kila mtu alikuwa na wake.”

Saa kumi na moja na nusu watu wanatoka, lakini hawaendi. Wamejazana barazani wanabishana kwa furaha. Wafanyakazi wa kiwanda wanadai filamu halisi inawatukana. Wenye maduka wanadai inawatukana wao, kwani Kinyozi mwishoni si aliiacha droo yake ya pesa kwa ajili ya mwanamke? Mwenye jumba anazunguka katikati yao akitabasamu, kwa sababu kila mtu anauliza itaonyeshwa lini tena.

Mpango Fundi anao tayari. Makopo ya nakala mpya atayaacha yalivyo, na namba zake. Ila Jumamosi ijayo atafanya maonyesho mawili, moja kwa kila mpangilio, na watu wachague au waone yote. Anataka afanye hivyo kila mwaka mpaka goti likatae ngazi.

“Sitaki tena kuficha,” anasema. “Nataka niandike mlangoni kwa herufi kubwa: hii ni yao, hii ni yetu. Najisikia kama siku ile nilipokabidhiwa ufunguo na mjomba, ila sasa sina woga.”

Ameshachukua chaki. Anainama mbele ya ubao wa matangazo, anaandika “Jumamosi, saa nane.” Katibu amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, anasoma.

“Saa nane ianze ya kwetu,” anasema.

“Ya kwao kwanza. Mgeni hutangulizwa.”

“Napinga. Kwa msingi gani?”

“Kwa msingi kwamba chaki ninayo mimi.”

“Tupige kura.”

“Tuko wawili, Katibu. Tangu lini kura yetu ikapata mshindi?”

Katibu anacheka. Fundi anajinyoosha, anashika goti, na kutoka mfukoni anachomoa ufunguo wa chumba cha mashine. Katika miaka yote hii hajawahi kumwachia mtu, hata binti yake.

“Nenda ukanizimie feni,” anamwambia mumewe. “Mimi leo ngazi zimenitosha. Na usiguse makopo.”

Katibu anaupokea kwa mikono miwili. Anautazama, anamtazama mkewe. Anaondoka haraka kama kijana, anaanza kupanda ngazi, na sauti yake inasikika ikizihesabu, moja, mbili, tatu.

Anapofika ya kumi na tisa, Fundi ameshamaliza kuandika. Saa nane ni ya kwao.